Fuwele za Sumu ya Kifutu

Sogeeni karibu, na mwenye mtoto ampakate vizuri, maana hadithi hii nimepewa bila mwisho. Mwisho wake mtaniambia ninyi.

Palikuwa na kituo cha utafiti mlimani, mahali pa ukungu na baridi. Ndani yake kulikuwa na maabara ndogo ya watu watatu: Kokusima, Mbonea na Nyamizi. Walikuwa wakitafuta sura ya sumu ya kifutu, yule nyoka mzito anayejilaza njiani na kuuma watu watokao shamba. Ukiijua sura ya sumu, unaweza kutengeneza dawa ya kuishika barabara, kama kifuniko kinavyoshika chungu chake. Lakini sura hiyo ni ndogo mno, hadubini haiioni. Lazima kwanza sumu ijipange iwe fuwele, chembe zenye kingo kama punje za sukari, ndipo zipelekwe ng'ambo kwenye mtambo wa mwanga mkali unaoionyesha sura hiyo.

Kokusima alijua kusafisha. Sumu ya nyoka ni mchanganyiko wa vitu vingi, naye aliichuja, akaichuja tena, mpaka kikabaki kile kimoja kinachoua. Kazi hiyo hufanyika katika chumba cha baridi, na yeye alikuwa ananyonyesha. Alivaa masweta mawili, akatoka kumnyonyesha mwanawe, akarudi. Bila Kokusima, kungekuwa na uchafu tu.

Mbonea alijua kukuza. Aliweka tone la sumu safi kwenye kisahani, akalifunika, akangoja. Tone likagoma. Basi akaokota sharubu la paka wa mlinzi, akaligusisha kwenye fuwele ya zamani iliyoharibika, kisha akalipitisha ndani ya tone jipya kama mtu anayepanda mbegu.

"Huyo paka atakuja kudai sharubu lake," Nyamizi alimtania.

"Aje. Nitampa dagaa, na wewe nitakupa mifupa."

Fuwele zikaota. Kokusima ndiye aliyekuwa wa kwanza kuziona, akapiga vigelegele mpaka mtoto akaamka. Bila Mbonea, lingebaki tone la maji.

Nyamizi alijua kuvua. Fuwele ya sumu ni laini. Ukiitikisa inavunjika, ukiichelewesha hewani inakauka. Yeye alikuwa na kitanzi chembamba kama unywele. Huizungushia fuwele, huiinua huku amezuia pumzi, huitumbukiza kwenye tangi lenye ubaridi unaoishinda barafu, ikatulia humo nzima. Bila Nyamizi, yangebaki makombo.

Nao walitendeana wema. Mbonea alikuwa akipeleka uji wa moto mlangoni pa chumba cha baridi, wala hakuwahi kuombwa. Nyamizi alimbeba mgongoni mtoto wa mwenzake huku akiosha vyombo vya kazi. Wakaahidiana: wageni wakija kutazama kazi, hakuna wa kusema "mimi". Tutasema "sisi".

Habari ikaja kwamba wageni wa ule mtambo wako njiani, na wana nafasi ya mtu mmoja kwenda kujifunza kwao mwaka mzima. Siku moja kabla hawajafika, Nyamizi akipita dirishani kwa mkuu wa kituo alimsikia Mbonea akisema, "Kesho nitasimama peke yangu, Mkuu. Kazi ni yangu."

Nyamizi hakumwambia mtu, hata Kokusima. Alirudi maabara, akazivua fuwele zote za kweli, akazificha kwenye tangi.

Asubuhi Mbonea alifunua kisahani chake. Ndani ya tone aliona kitu kinang'aa, kina kingo kali. Pale maabara walikuwa na desturi: husemi umepata mpaka umechoma chembe moja kwa sindano. Siku hiyo hakuchoma. Alikibeba kisahani mbele ya wageni akasema, "Hizi nimezikuza mimi."

Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akachukua sindano, akagusa. Kach! Fuwele ya sumu hukubali sindano kama ugali laini. Inayolia hivyo ni chumvi, ile iliyomo kwenye maji ya tone, imeganda yenyewe usiku.

"Mwanangu," alisema taratibu, "umetuletea chumvi ya mezani."

Watu wakacheka. Nyamizi akasimama. "Za kweli ninazo mimi." Akafungua tangi.

"Na hizi alizikuza nani?" mgeni akauliza.

Nyamizi akainamia kifuniko cha tangi. Mbonea akamtazama Kokusima, na macho yake yalikuwa yakiomba. Kokusima akatazama sakafu.

"Sijui," alisema.

Wageni wakaenda na fuwele, na baada ya muda wakarudi wakishangilia: sura ya sumu imeonekana waziwazi! Hapo ndipo mambo yote yalipofichuka. Mkuu akawaita watatu. "Mimi siwezi kuamua. Nipeni jina moja kabla gari la wageni halijaondoka. Mkishindwa, nafasi inakwenda kituo kingine."

Wakakaa kwenye benchi moja, kila mmoja akitazama upande wake.

"Dada yangu alikatwa mguu kwa sababu ya kifutu," Mbonea alisema. "Nilidhani nikitangulia nitawavuta na ninyi."

"Ungetuvuta kwa kamba gani, kaka, wakati umeshaikata?" Nyamizi akajibu.

"Na wewe, shoga, uliyajua yote ukaniacha nisimame pale kama gogo," Kokusima alisema. "Ungeniambia, tungemzuia pamoja."

"Wewe ulizipigia vigelegele, kisha ukasema hujui," Mbonea akasema. "Wageni wangenicheka hata kutwa, nisingejali. Lakini wewe, Kokusima!"

Kokusima akafuta macho kwa mkono wa sweta. Nje gari likawashwa.

Haya, ninyi mnaonisikiliza. Hakuna hata mmoja ambaye bila yeye sura ile ingeonekana, na hakuna hata mmoja ambaye hakumwacha mwenzake. Mkuu amesimama mlangoni anangoja. Mtampa jina la nani? Na mkishalitaja, wale wawili wanaobaki benchini mtawaambia nini?