Elkana Aliyeigeuza Sinagogi

Nisikilizeni, watu wa Lumasya, nyinyi mlioshiba na kukalia viti msivyovichonga, niwape habari za yule aliyetupa mahali pa kukaa. Zama zile babu zetu walikuwa wamekwisha kuishika Torati lakini hawakuwa na hata ukuta mmoja wa kuisomea, wakisali katika zizi la mbuzi la jirani mwema na kunyamaza kila mbuzi walipotaka kusema. Ndipo alipozaliwa Elkana mwana wa Gidoni, mwana wa Serubabeli aliyekuwa wa kwanza kuitunza Sabato kilimani hapa. Huyo ndiye Bega la Kilima, Mla Sinia Peke Yake, mtu aliyebeba jiwe ambalo wanaume sita walilizunguka wakaenda zao.

Gidoni alikuwa na kitabu kimoja cha sala, alichoachiwa na msafiri Myahudi kutoka Ulaya aliyeuguzwa nyumbani mwake, na kitabu kilisema kwamba mwenye kusali na aelekee mashariki, uliko mji wa Yerusalemu. Elkana alikiamini kitabu kile kama alivyoyaamini mabega yake. Kwa miaka saba alipasua mawe mtoni na kuyapandisha kilimani, na kila Ijumaa jua lilipoinama aliyatua palepale alipofika, hata zikibaki hatua mbili tu, kwa maana Sabato haingoji mtu. Akajenga sinagogi yenye ukuta mnene wa mashariki, na ndani ya ukuta huo shubaka la kuweka Sanduku la Torati. Wanawake walikanda udongo, wazee wakachonga viti, wala hakuna nyumba iliyokosa kutoa mtu.

Zikabaki siku tatu kuizindua. Wageni walikwisha kualikwa, ng'ombe wawili wamefungwa, na Elkana yuko juu ya paa adhuhuri akipigilia bati la mwisho, mkewe Hadasa alipomwita ashuke. Hadasa alikuwa mwanamke asiyetoa neno kabla ya kulipima. Alikuwa akishona pazia la Sanduku, na katika kutafuta pambo la kutarizi alifunua ramani zilizo mwishoni mwa Biblia. Akamwonyesha mumewe Yerusalemu, kisha Misri chini yake, kisha Kushi chini ya Misri, halafu akaweka kidole juu ya meza, nje ya ukurasa kabisa, huko chini.

"Sisi tuko hapa, Baba Mika," alisema. "Aliyeandika kitabu alikaa Ulaya, kwa hiyo Yerusalemu iko mashariki yake. Kwetu sisi iko kaskazini."

Elkana aliitazama ramani mpaka jasho la paani likamkauka. Aliona aibu, nawaambia, aibu nzito kupita mawe yote aliyopata kuyabeba. Hakuna mwingine aliyejua. Angenyamaza, wageni wangekula na kumsifu, na jina lake lingeimbwa, ila watu wake wangesali vizazi na vizazi wakiwa wameipa Yerusalemu bega. Angesema, jasho la kilima kizima lingehesabiwa la bure, na yeye ndiye aliyelimwaga. Hadasa hakumshurutisha, alirudi kwenye sindano yake.

Siku ya uzinduzi Elkana alisimama mlangoni, akawazuia watu wasiingie.

"Nyumba hii inatazama kusikotakiwa," alitangaza. "Kitabu hakikukosea. Nimekosea mimi, sikuuliza kiliandikwa wapi. Nitajenga nyingine, hata nikiwa peke yangu."

 Akasimama mzee Obadia, mtoaji wa wale ng'ombe, ambaye patasi ilikuwa imemla kidole katika kuchonga viti, na wote wakajua kwamba sasa Elkana atatukanwa.

"Kabla ya ujenzi huu nilikuwa sisemezani na majirani zangu watatu," alisema Obadia. "Hata ungetujengesha nyumba inayotazama chini ya ardhi, Elkana, kesho ningekuja na patasi yangu."

Wakacheka hadi wakashika mbavu, na ng'ombe wakaliwa siku ileile. Nyumba hawakuibomoa. Kwa kuwa haikuwa imezinduliwa, waliifanya ukumbi wa karamu na arusi, wakaiwekea majiko mawili nyuma, la nyama na la maziwa, ili sufuria zisichanganyike, maana Torati imekataza kupika nyama pamoja na maziwa. Sinagogi ya pili, inayoelekea kaskazini, ilikamilika baada ya miaka minne. Hapo mikono ilikuwa imeshazoea, watu hawawezi tena kukaa bure, wakaongeza darasa, maktaba, birika la maji ya mvua la kujitakasia na nyumba ya wageni yenye vitanda sita. Walitaka nyumba moja, wakapata ua mzima.

Elkana aliishi hadi akaona vitukuu. Alifia katika ukumbi ule unaotazama mashariki, kwenye arusi, baada ya kuinua kiti alichokalia bibi arusi, kama ilivyo desturi yetu, ila yeye peke yake, mzee vile, huku watu wakipiga makofi. Alimshusha binti taratibu, akaketi, akatabasamu, wala hakuinuka tena.

Wazee walitaka kaburini paandikwe Bega la Kilima. Hadasa akakataa, akaamuru paandikwe: Alikosea, akatuambia. Na tangu siku hiyo, mtu wa Lumasya akisimama mbele ya watu kuungama kosa lake, hatumzomei. Tunawasha majiko yote mawili.