Nungunungu na Vinundu vya Soya

Paukwa!

Pakawa!

Nimesikia watatu tu. Na wewe unayetafuna muhindi, meza kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, masika yalipokuwa na aibu, mvua ikija na kuondoka kabla hujaanua nguo, aliishi Nungunungu na watoto wake wanne. Ghalani kulibaki kibuyu kimoja tu cha soya. Ikiharibika hiyo, basi, watoto hawana chakula mpaka mwaka ujao.

Nungunungu hakukurupuka. Alingoja mvua izoee kunyesha, udongo ulowe mpaka chini. Akapanda mistari kumi, tifu, tifu, tifu, mbegu moja moja, akifukia kidogo tu. Soya ikaota. Kila asubuhi ukungu ulishuka, naye akawa anatembea shambani nusu usingizini, kwa furaha.

Wiki ya tatu majani yakapauka. Moyo ukamlipuka, pa! Akang'oa mche mmoja. Mizizi ilijaa vinundu.

Jirani yake Ngiri akaja, akatikisa kichwa. Akasema huo ni ugonjwa, miche yote ing'olewe leo leo, tena yeye atamsaidia kuila, asijisumbue kuitupa. Msaada gani huo, jamani! Lakini Nungunungu alishaingiwa na hofu. Akang'oa, ng'wa, ng'wa, huku analia, na Ngiri nyuma yake, tafu, tafu. Mstari mzima ukaisha.

Alipoinamia wa pili, udongo ukafumuka. Fuko akatoa pua, akalalamika kwamba wiki nzima alilala chini ya jiko lenye joto, na sasa limezimika.

"Dada, pasua kinundu kimoja," akasema.

Nungunungu akapasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama ufizi wa mtoto.

"Humo wamo wapishi wanaoipikia soya chakula," Fuko akasema. "Majani yamepauka kwa njaa tu. Ndiyo kwanza wameteleka chungu, nawe unawafukuza."

Nungunungu akalaza sikio chini. Tokota, tokota, tokota. Akakaa hivyo mpaka machozi yakakauka. Kisha akasimamisha miiba, na Ngiri akakumbuka kwamba ana shughuli kwake.

Majani yakarudi kijani. Nungunungu akapalilia mapema, akavuna mistari tisa, watoto wakashiba. Kitindamimba akauliza mbona ule mmoja ni mtupu.

"Huo niliung'oa mwenyewe, mwanangu," mama akasema.

Basi, wakubwa kwa wadogo, mkiona shambani kitu msichokijua, kipasueni mkitazame, mwulizeni anayekijua, kabla hamjang'oa. Hadithi yangu nimeitua hapo. Anayetaka kuibeba, aibebe.