Shamba la Qamara Lililonyolewa

"Shamba kipara halishibi mvua." Mmesikia yule kijana aliyeuza mabati ya nyumba yake ili anunue viatu vya harusi akirushiwa maneno hayo, mkacheka, na sasa mwataka asili yake. Methali hii ilianza hivi.

Chini ya mlima Hanang, kwenye mashamba ya ngano, aliishi Qamara na mama yake. Qamara alimtaka binti mmoja, Fabiola, mpaka chakula hakishuki. Desturi ya pale, kabla posa haijapokewa, shangazi wa binti huja kulitazama shamba la mwoaji. Akinuna, hakuna posa.

Baada ya mavuno mama alikuwa ameyaacha mabua ya ngano yalale shambani, akatawanya na samadi. Qamara akaona aibu.

"Mama, mgeni atasema tunalala takatakani."

"Mwache aseme. Udongo nao unataka kufunikwa."

Mama alipokwenda mnadani, Qamara akakokota kila kitu kwa reki, akachoma, akafagia hata majivu. Shamba likang'aa kama uwanja wa kanisa.

Shangazi akafika, akasimama pembeni, akainamisha kichwa.

"Poleni. Nani kafariki?"

"Hakuna msiba, Shangazi."

"Mbona shamba limenyolewa kama kichwa cha mfiwa?"

"Ni usafi tu. Mvua ikija utaona."

"Haya. Nitarudi baada ya mvua. Posa nayo ingoje."

Mvua ikaja, tena nzuri. Ikaupiga udongo mtupu, ikateremka na tope lake hadi korongoni. Jua likafuata, ardhi ikakauka kama kigae. Ngano ya Qamara ikafika kwenye vifundo vya miguu, ikageuka njano. Kwa majirani walioacha mabua, ukiyafunua, udongo ulikuwa bado mbichi.

Shangazi akarudi, akang'oa mche mmoja. Ukatoka bila kubisha.

"Kwenu haikunyesha?"

"Ilinyesha, Shangazi. Ilipita tu."

"Shamba kipara halishibi mvua, baba. Na binti yetu anakula."

Akaondoka. Fabiola akasema atangoja mavuno mengine, si zaidi.

Mwaka ule Qamara alizunguka na mkokoteni akiomba mabua. "Bwana harusi anaoa majani!" walimtania. Akayatandaza shambani pamoja na samadi, hakuyagusa tena.

Shangazi alipokuja, mvua ilikuwa imekatika zamani, lakini ngano ilimfika kiunoni. Shamba hakulitaja. Aliuliza tu, "Mama yako yuko wapi? Tuna mazungumzo."

Ndiyo maana mtu akijivua kinachomhifadhi ili apendeze machoni pa wageni, huambiwa: shamba kipara halishibi mvua.