Maiti Aliyengoja Ubeti

Hapo zamani, siku zile mtu akinunua redio mtaa mzima unakwenda kuiangalia kama mtoto mchanga, palikuwa na mji wa pwani ukiitwa Minazipacha. Mji wenyewe mdogo. Ukipiga chafya kwenye foleni ya kisimani unaombewa afya sokoni. Katika mji huo palikuwa na ukumbi wa mabati, na ndani ya ukumbi palikuwa na kikundi cha waimbaji, na mkubwa wa kikundi alikuwa mwanamke jina lake Mwatime.

Mama yake Mwatime, marehemu Mwana Saumu, ndiye aliyetunga mchezo wa kuimba ulioupatia mji huo sifa. Bibi arusi anamngoja bwana arusi. Bwana arusi anachelewa. Bibi arusi ananuna, ananuna, ananuna mpaka anakufa. Ndiyo, anakufa kwa kununa, msinikatize. Bwana arusi anafika, anaimba ubeti wa kuomba radhi, na maiti, kwa kuwa ni mwanamke na ameombwa radhi vizuri, anafufuka. Wanacheza, watu wanakwenda makwao kula.

Na mchezo huo ulikuwa na desturi yake. Ubeti wa mwisho, anaouimba maiti akishafufuka, una pengo la jina moja. Mchezo ukianzishwa, au ukilala ukafufuliwa, yule aliyeufaa kuliko wote hutiwa jina lake pale, na likishatiwa halitoki mpaka mchezo ulale tena. Ngoma inazunguka palepale mpaka jina litajwe. Mwana Saumu alimtia fundi aliyejenga jukwaa. Fundi kafa, jukwaa limeliwa na mchwa, lakini wanawe mpaka leo wanatembea vifua mbele kama waliojenga mji.

Basi Mwana Saumu akafariki, mchezo ukalala miaka thelathini. Jumbe wa mji, Jumbe Mwinjaka, akatazama ukumbi, akatazama minazi yake, akasema ukumbi ufanywe ghala, utiwe mbata, nazi zake zilizokaushwa.

Mwatime akamwendea.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Kama umekuja kwa ajili ya ukumbi, magunia nimeshaagiza."

"Nipe Alhamisi moja, baba yangu. Nitaufufua mchezo wa mama. Watu waje wauonje kabla ya sikukuu, na wewe uje. Wakiupenda, ukumbi ubaki."

"Watu wa hapa watapenda chochote kikiwa bure," Jumbe akasema. "Mimi nataka kitu kimoja. Mchezo uende mwanzo mpaka mwisho usikatike. Kwenye arusi ya mwanangu mligombana katikati ya wimbo, mpiga filimbi akaenda kwao na filimbi. Ukikatika, mbata."

"Hautakatika."

"Ukikatika?"

"Mbata," Mwatime akasema.

Wakafanya mazoezi miezi miwili. Jumatatu ya wiki yenyewe Mwatime akashikwa na malaria. Akapelekwa zahanati juu ya baiskeli, kichwa kinaning'inia huku, miguu inaning'inia kule, mji mzima ukamwona. Jumatano akanyanyuka. Alhamisi, baada ya alasiri, akavaa nguo za bibi arusi, zikampwaya. Na watu wakaja, wakajaa, wakakaa.

Msidhani walikaa kimya. Watu wa Minazipacha hawajui kutazama kitu kwa macho peke yake.

"Mbona bwana arusi mnene?" akauliza mmoja.

"Wa mwanzo alikuwa mwembamba," akasema wa pili.

"Wa mwanzo ni mimi," akasema Mzee Tindwa, safu ya tatu, kisha akalala. Kweli ndiye aliyeimba na Mwana Saumu, enzi za ujana wake. Sasa alikuwa mzee wa kulala popote: barazani, kwa kinyozi, hata kwenye mizani ya zahanati. Ubeti wa pili haujaisha, anakoroma.

Bwana arusi wa sasa alikuwa Ngoda, muuza samaki, sauti nzuri, moyo mwepesi. Alipotoka jukwaani ili achelewe, Mwatime akaanza kununa. Akanuna, akanuna, akanuna. Macho yameingia ndani kwa malaria, midomo mikavu. Akaanguka juu ya mkeka, akafa. Na alikufa vizuri kupita kiasi. Hilo ndilo kosa lake.

Halafu sauti moja ikasema, "Jumatatu mimi nilimwona juu ya baiskeli."

"Hata mimi."

"Alikuwa hana hata shingo."

Mwanamke mmoja akajitanda kanga kichwani, akaangua kilio. Wa pili akampokea. Mwatime, macho amefumba, akafurahi. Akasema moyoni, wanalia, mama angeona. Akaendelea kufurahi mpaka aliposikia mtu anauliza nani ana sufuria kubwa, na mwingine anasema mchele uoshwe mapema. Hapo furaha ikamtoka.

Ngoda akarudi jukwaani. Sasa ndiyo zamu ya ubeti wa radhi. Akafungua mdomo, akatazama watu wanalia, akamtazama Mwatime, akasema, "Dada yangu, umetuacha na nani?" Akaketi chini, akalia kamasi. Maneno hayo hayamo kwenye mchezo. Wapiga ngoma wawili wakaweka ngoma chini, wakachukua majembe, wakaenda makaburini. Akabaki mmoja, Makorongo, kwa sababu ana ngiri na hachimbi. Yeye aliambiwa siku ya kwanza asiache kupiga mpaka aambiwe, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia, akaendelea kupiga polepole. Watu wakaona ni heshima.

Mwatime akawaza. Nikiinuka sasa bila ubeti, mchezo umekatika, mbata. Nikikaa, nazikwa. Akakaa kwanza.

"Alikuwa mtu mzuri," akasikia.

"Mzuri. Ila chumvi yake alikuwa haigawi."

"Mwache, mwenzangu, kashakufa."

"Kwani nimemsema vibaya? Nimesema chumvi."

Mwatime akauma ulimi. Maiti hasemi.

Jumbe akasimama, akafuta macho kwa kilemba. "Ndugu zangu," akasema, "huyu alikuwa ameuweka moyo wake katika ukumbi huu. Kwa hiyo ukumbi tutautia mbata kwa heshima yake. Na ghala lenyewe tutaliita kwa jina lake." Watu wakasema, vizuri sana, Jumbe, umefikiri jambo la maana. Mwatime akahisi kidevu kinamtetemeka, akakizuia kwa meno. Maiti hasemi.

Akaja Chande mchimba kaburi, na uzi wake wa ukindu wa kupimia. Akampima kichwani, akashuka kiunoni, akafika miguuni. Alipouvuta ukindu, ukucha wake ukapita katikati ya unyayo wa Mwatime. Sasa nambieni, nyie wenye nyayo, mngefanyaje? Kidole gumba kikajikunja chenyewe. Mwatime akafumbua jicho moja, wembamba wa sindano, akaona jicho la Chande limemtazama. Wakatazamana hivyo. Chande akakunja ukindu wake, akaufunga fundo.

"Vipi?" Jumbe akauliza.

"Mrefu," Chande akasema, akakaa pembeni.

Wanaume wanne wakashika pembe za mkeka. Mwatime akajisikia ananing'inia. Akajua akivuka mlango tu, yote yamekwisha, kwani mchezo unachezwa ndani ya ukumbi, hauchezwi makaburini. Wakapiga hatua, wakapiga hatua. Jumbe, kwa desturi, akauliza, "Kabla hajatoka, yupo mwenye neno na marehemu?"

Huulizwa siku zote, na siku zote watu husema hakuna. Siku hiyo sauti ikasema, "Lipo."

Alikuwa Kirembwe, jirani yake Mwatime, nyumba ya ukuta mmoja, hawasemeshani mwaka wa tisa. Akaja akasimama mlangoni, mkono huku, mkono kule.

"Huyu hapiti," akasema. "Ana mbuzi yangu ya kukunia nazi."

"Kirembwe, dada," mmoja wa wabebaji akasema, "si mahala pake."

"Mahala pake ni wapi? Nimfuate huko anakokwenda? Miaka tisa nakuna nazi kwa kijiko. Mbuzi yangu ije, ndiyo apite."

"Utapewa kesho."

"Na nani? Yeye?"

Mwatime mkekani alitaka kusema: mbuzi yenyewe ulinipa imevunjika mguu, na meno yake hayakuni hata ndizi mbivu. Aliyapanga maneno yote, akayameza. Watu wakamsihi Kirembwe, wakamtukana, wakamwita roho mbaya. Hakutikisika. Mabega ya wabebaji yakachoka, wakamrudisha marehemu chini. Mtu akatumwa nyumbani kwa Mwatime kutafuta mbuzi, watu wote wakanyamaza kumsubiri. Ikasikika ngoma ya Makorongo peke yake, du, du, du.

Na katika kimya kile, safu ya tatu, koromo la Mzee Tindwa likabadilika. Likawa mlio, mlio ukawa sauti, na Mzee Tindwa, macho yamefumba, mate kwenye shati, akaimba ubeti wa radhi. Wote, tangu neno la kwanza. Ngoma ileile aliyoizoea ilikuwa imemfuata usingizini. Aliimba kama alivyoimba kwa Mwana Saumu miaka thelathini nyuma, akamaliza, akageukia upande wa pili, akakoroma.

Mwatime akafufuka.

Waliotoka kwa mlango walitoka, waliotoka kwa dirisha walitoka, na Jumbe Mwinjaka alikutwa juu ya dirisha, mguu nje, mguu ndani, kilemba hana. Kirembwe tu hakukimbia. Alibaki mlangoni akasema, "Vizuri. Sasa utanijibu mwenyewe."

Lakini Mwatime hakumjibu, alikuwa anaimba. Watu wakaisikia sauti, wakachungulia, wakaona maiti anacheza, na Ngoda naye kanyanyuka anacheza huku analia. Mmoja akacheka, wa pili akacheka, ukumbi mzima ukarudi kuketi, wakapiga makofi mpaka mabati yakalia. Jumbe akashuka dirishani, akajikung'uta, akasema, "Kumbe ndivyo ulivyo huu mchezo. Haujakatika bado. Endelea." Alisema kwa shingo upande, magunia alishayaagiza.

Mwatime akaimba ubeti wa mwisho, akafika penye pengo la jina. Makorongo akajua kazi yake, akaizungusha ngoma palepale. Mwatime akavuta pumzi. Alikuja na jina la mama yake tayari, ndilo alilotaka kulitia. Lakini kabla hajalitamka, Kirembwe akapaza sauti kutoka mlangoni.

"Jina ni langu. Wewe ulikuwa unatoka. Nani alikuzuia? Hawa waliokulilia ndio waliokubeba. Ningekupenda kama wao, sasa hivi una udongo mdomoni na mchezo umeishia njiani."

"Ulizuia kwa chuki," mtu akamwambia.

"Kwa chuki, ndiyo. Nilisema kwa mapenzi? Mlango uliuona umefungwa au hukuuona?"

Chande akasimama na ukindu wake. "Jina ni langu. Mimi nilijua. Humu ndani wote mlikuwa wajinga, Jumbe nisamehe, mimi peke yangu nilijua yuko hai. Ningesema neno moja, mchezo ungekatika palepale. Nikalikalia neno langu."

"Na wangemzika?" Kirembwe akauliza. "Ungesema lini, ukishafukia?"

"Nani angemzika bila mimi?" Chande akasema. "Shimo langu, jembe langu. Ningekwenda polepole."

"Kwa hiyo hukufanya kitu."

"Jaribu wewe kutofanya kitu, siku moja, tukuone."

Watu wakamtikisa Mzee Tindwa. Akafumbua macho.

"Babu, umeimba ubeti wa radhi."

"Mimi?"

"Wewe. Umemfufua Mwatime."

"Nimeuimba vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi jina ni langu," akasema Mzee Tindwa. "Maiti anafufuka kwa ubeti. Hafufuki kwa mtu kusimama mlangoni, wala kwa mtu kukaa na kamba. Mwulizeni mwenyewe kama aliinuka kabla sijaimba."

"Lakini, babu, mchezo wote umeulalia," Chande akasema. "Umeukoromea tangu ubeti wa pili."

"Nyie mliokesha macho," Mzee Tindwa akasema, "mlikuwa mnatafuta sufuria."

Ngoma inazunguka. Mwatime amesimama katikati ya jukwaa, mdomo wazi. Mmoja alitaka kumkomoa, akamwokoa. Mmoja alijua kila kitu, akakaa. Mmoja alitenda, na hakujua kama ametenda. Na jina la mama yake limo ulimini, na lolote atakalolitaja sasa litaimbwa na watoto ambao hawajazaliwa, na wasiotajwa wataishi naye mji mmoja: mmoja ukuta kwa ukuta, mmoja ndiye atakayempima tena, na safari hiyo kweli.

"Dada," Makorongo akasema kwa sauti ya chini, jasho linamtiririka, "mkono unakufa ganzi."

Jumbe akajiinua kidogo kitini, sikio kaliweka kwenye ngoma. Nje ya mlango, magunia yake yalishafika.

Ngoma ikinyamaza, ukumbi ni wa mbata. Mkono wa Makorongo haungoji watu wanaofikiri polepole, basi semeni upesi: kwenye pengo lile, nani alistahili kutiwa?