Bi Mwatime na Mgeni Aliyeitwa Rangitatu

Hodi wenyewe! Nina mzigo wa ngano!

— Karibu! Utue, tuusikie!

Una utamu kidogo, una machozi zaidi!

— Utue tu, tutagawana!

Haya. Sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole, nami nisikike.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walipokuwa wakipiga hodi milangoni kama watu, alikuwako mwanamke mmoja jina lake Bi Mwatime. Alikaa na mama yake mzazi, Bi Mwanajaka. Nyumba ilikuwa ya Bi Mwanajaka. Humo alizaliwa, humo aliolewa, humo alimzaa Mwatime, na humo macho yake yakaanza kuingia kiza.

Alipoona kiza kinamnyemelea, Bi Mwanajaka hakulia. Aliingia msitu wa nyuma ya kijiji, akarudi na miche ya kunukia. Mkilua akaupanda mlangoni. Kivumbasha akakipanda njia nzima ya kwenda kisimani. Mkadi akaupanda penye kisima chenyewe.

Macho yakafa, pua ikabaki. Akinusa mkilua, anajua hapa mlango. Akinusa kivumbasha, anajua hii njia. Akinusa mkadi, anajua hapa kisima, anapunguza hatua. Kila asubuhi alitoka peke yake, hana mkongojo, hana wa kumshika mkono, akateka maji yake akarudi. Watu wakimwambia pole, hujibu, "Pole ya nini? Mimi si mzigo wa mtu!"

Na Bi Mwatime? Alikuwa mtu mwema, msije mkamfikiria vibaya. Ila alipenda kusifiwa. Na ua la mkilua halisifiwi kwa macho. Ni dogo, limejificha majanini, halina makuu.

Siku moja akaja Tumbili, ameshika kitawi mkononi.

"Hodi, shangazi!"

"Karibu, Tumbili. Leo umekuja kwa mguu gani?"

"Wa heri tupu. Nakuletea mgeni kutoka ng'ambo. Anaitwa Rangitatu. Tazama, kichala kimoja, nyekundu, manjano na waridi! Nyumba nzuri hii, shangazi, mbona mbele kumepooza? Mchomeke tu, mengine muachie mwenyewe."

Kijiji hicho kilikuwa na desturi yake. Mgeni hupewa mahali pazuri kuliko mwenyeji. Mwenye kitanda hulala chini, mgeni akalala kitandani, na haulizwi anaondoka lini. Desturi njema kabisa, kwa watu. Bi Mwatime akaitumia kwa mti. Kosa lilianzia hapo, jama.

Tumbili akaimba huku akicheza:

*Mgeni mpishe, mgeni mpishe,*
*mwenyeji ana kwao, hakosi pa kukaa!*

Bi Mwatime akachukua jembe, akang'oa mkilua, akamchomeka Rangitatu mlangoni. Mvua moja tu, Rangitatu akamea. Akachanua. Wapita njia wakasimama. "Lo! Bi Mwatime, hongera!" Bi Mwatime moyo ukamjaa.

Asubuhi Bi Mwanajaka akarudi kutoka kisimani, akapapasa ukuta huku na huku.

"Mwatime, mlango umekwenda wapi?"

"Upo, mama. Uko hapo hapo ulipo."

Akamshika mkono akamwingiza ndani. Nyuki akaja akamwambia, "Bi Mwatime, umekosea. Mkilua ulikuwa wetu sote. Urudishe ingali mapema."

"Nyuki, mgeni hafukuzwi."

Nyuki akahama na mzinga wake.

Siku ya pili akaja Tumbili. "Hodi, shangazi! Mgeni wako amebanwa. Mpe na njia." Akaimba:

*Mgeni mpishe, mgeni mpishe,*
*mwenyeji ana kwao, hakosi pa kukaa!*

Bi Mwatime akang'oa kivumbasha chote, Rangitatu akatanda njiani. Sifa zikaongezeka. Asubuhi Bi Mwanajaka akarudi, miguu imechanwa na miiba, kikongwe wa watu.

"Mwatime, njia imekwenda wapi?"

"Ipo, mama. Nitakuwa nakushika mkono."

"Sikuomba mkono. Nimeuliza njia."

Bi Mwatime alihisi kitu kikimchoma, lakini siku hiyo walikuwa wamekuja wanawake wa mtaa wa pili kutazama maua. Ndege Chozi akatua dirishani akamwambia, "Bi Mwatime, huyu mgeni hali na wenyeji, anawala wenyeji." Naye akamjibu, "Mgeni hafukuzwi." Chozi akahama na kiota chake.

Siku ya tatu, nani? Tumbili! Wala hodi hakupiga. Alikuwa kishazoea.

"Shangazi, penye kisima pamebaki uchi."

*Mgeni mpishe, mgeni mpishe,*
*mwenyeji ana kwao, hakosi pa kukaa!*

Mkadi ukang'olewa, Rangitatu akashika mahali pake. Asubuhi Bi Mwanajaka akatoka na ndoo yake. Akaenda, akaenda, pua haimwambii kitu. Unyayo wa kulia ukakanyaga hewa. Kama si kudaka matawi ya Rangitatu, miiba na yote, angetumbukia kisimani. Bi Mwatime alimkuta ameketi chini, viganja vinatoka damu.

"Mwatime, kisima kimekwenda wapi?"

Bi Mwatime akararua upindo wa kanga yake, akamfunga viganja.

Kobe, ambaye alikuwa jirani yao tangu zamani, akatoka kwenye majani taratibu. "Sikukuambia mapema kwa kuwa natembea polepole," akasema. "Unajua Tumbili anapata faida gani? Anajificha humo ndani ya Rangitatu, anaingia jikoni kwako, anakula ndizi zako. Hakukuletea ua, alijipandia maficho."

Kumbe! Basi ndiyo maana ndizi zilikuwa zinapungua.

Tangu siku hiyo Bi Mwanajaka hakutoka tena. Alikaa kitandani, mikono mapajani. Chakula aliletewa, maji aliletewa. Kila aliyemletea alimwambia, "Ahsante, nisamehe kwa kukuchosha." Siku ya saba akamwita binti yake.

"Mwatime, nyumba hii ni nzuri, na wenyewe ni wakarimu. Lakini nimechoka ugeni. Nirudishe kwangu."

"Mama, hapa ndipo kwako!"

"Usinidanganye kama mtoto. Kwangu nakujua. Kuna mkilua mlangoni."

Ewe Mola! Bi Mwatime alitoka mbio, akashika jembe, akamvamia Rangitatu. Akakata, akachoma, akang'oa. Mvua moja, amerudi. Akang'oa tena. Ndege walikuwa wamekwisha kula mbegu zake wakazitupa kila mahali, na huku akikatwa, kule anachipua. Mikono ya Bi Mwatime ikawa malengelenge matupu. Sasa ndipo akajua kwamba kumkaribisha ni siku moja, kumtoa ni umri mzima.

Akaenda msituni kutafuta mkilua. Msitu nao Rangitatu alikuwa ameshauingia. Kobe alimwongoza siku tatu, hata wakapata mche mmoja, mrefu kama kidole. Akaupanda mlangoni, akaumwagia maji kwa mikono yake.

"Utachanua lini?" akamuuliza Kobe.

"Mkilua hauna haraka. Miaka mitatu, labda minne."

Mwaka wa kwanza Bi Mwanajaka aliuliza, "Mwatime, lini unanirudisha?" Bi Mwatime akajibu, "Karibuni, mama." Mwaka wa pili aliuliza. "Karibuni, mama." Mwaka wa tatu mche ukafika magotini, haujachanua, na Bi Mwanajaka sauti imebaki nyembamba.

"Mwatime, umenitunza vizuri ugenini. Mungu akulipe. Nikifa, usinizike huku. Nipeleke nikazikwe kwetu."

Akafa siku hiyo hiyo, katika nyumba aliyozaliwa.

Walimzika nyuma ya nyumba, hatua ishirini kutoka mlangoni. Watu walipoondoka, Bi Mwatime alibaki amesimama kaburini. Hakujua kama ametimiza wosia wa mama yake au ameuvunja. Na mpaka anakufa yeye mwenyewe, hakujua.

Mnaniuliza Tumbili je? Tumbili hakupata adhabu yoyote, msingoje. Alinenepa akaenda kijiji kingine na kitawi mkononi.

Fundisho ni hili, lishikeni. Mgeni mkaribishe, lakini usimbomolee mwenyeji. Ukitaka kuipamba nyumba yako, anza na miti ya kwenu, inayojua watu wake. Na kabla hujang'oa mti uliopandwa na mkubwa wako, uliza kwanza unamfaa nani. Majuto mwamjua: ni mjukuu, huja kinyume.

Mzigo nimeutua, kichwa changu chepesi. Aliyeokota utamu aende nao kwao. Uchungu niachieni mimi, ni wangu tangu zamani.