Tumbo la Mboni

Hapo zamani za kale, nyati walipokuwa wakipeleka watoto shule (wewe unayecheka, subiri kwanza!), aliishi Mzee Nyati na binti yake Mboni. Mboni aliipenda shule mpaka akawa anaimba njiani.

Lakini kila asubuhi, akishika tu bakuli la uji, baba alianza: "Leo utakuwa wa ngapi? Mtoto wa Kifaru amekupita tena!"

Siku moja Mboni aliweka bakuli chini. "Baba, tumbo linaniuma. Shule siendi tena."

Mzee Nyati alimkazia macho. Tumbo gani hili, linaloamka siku za shule tu? Akamnusa mdomo, akamchungulia ulimi, akapekua mkoba. Hakuona kitu, na shaka ikamzidi.

"Ananichezea huyu," alinong'ona. "Nikimkamata, fimbo ataionja!"

Akamwendea Pimbi, mganga mdogo kuliko kwato lake.

"Nipe siku tatu," alisema Pimbi. "Ila lazima niwe nawe ukila."

"Ala! Mgonjwa ni Mboni. Mimi wa nini?"

"Dawa yake inaanzia kwa baba."

Mzee Nyati alimtazama kwa jicho la pembeni, akakubali shingo upande.

Asubuhi akainamia majani, nyam nyam! Pimbi akarukia pembe, tup! "Leo utashiba wa ngapi, Mzee? Kifaru ameshamaliza!"

Siku ya pili: "Jana ulikuwa wa tatu. Hao waliokupita wana matumbo mawili mawili?"

Siku ya tatu, alipomwona tu Pimbi anakuja, tumbo lilinguruma, gurrr! Majani yakamkwama kooni, akayatema.

"Umenitilia sumu!" alifoka. "Nilikushuku tangu mwanzo! Umeweka nini humu?"

"Sijaweka kitu, Mzee. Nimekulisha maneno yako ya kila asubuhi. Kumbe hata wewe hayakushuki?"

Mboni, aliyekuwa mlangoni, aliangua kicheko. Mzee Nyati aliona haya, akatazama chini.

Kesho yake uji ulipoiva, alifungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. "Mwanangu, leo mtasoma nini?"

Mboni alimwangalia kwa shaka. Alingoja aletewe habari za mtoto wa Kifaru. Wapi! Hazikuja.

"Mwalimu Korongo atatueleza kwa nini mto unapinda," alijibu polepole. Akaanza kumsimulia baba, na kabla hajamaliza, bakuli la uji lilikuwa tupu.

Hadithi yangu naitua hapa, nanyi wazazi mnaojidai hamsikilizi, shikeni hili: mtoto anayepimwa kila akiamka ataichukia hata shule aliyoipenda.