Jicho la Haragwe

Nije?
Njoo!
Nije na nini?
Na ngano!
Niitue wapi?
Hapa hapa, katikati yetu!

Haya, sogeeni basi, na anayeniegemea mgongo aondoke, maana leo nimechoka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima shamba moja na kula chungu kimoja, palikuwa na mwalimu akiitwa Bi Nungunungu. Aliwafundisha watoto wa wanyama wote, na alikuwa ameifanya kazi hiyo mpaka sauti imemkauka na miiba imeanza kupukutika. Kila asubuhi alitaja neno nusu, watoto wakalimalizia.

"Haragwe lina ji...?"

"...cho!"

"Jicho hutazama chi...?"

"...ni!"

"Tumeelewa?"

"Tumeelewa!"

Hawakuelewa kitu, naye alijua. Lakini ndivyo alivyofundishwa yeye, na uchovu ulikuwa umemfika shingoni.

Ile habari ya jicho, kile kidoa haragwe liliposhikana na ganda lake, ndiyo iliyokuwa sheria ya shamba. Mzee Nyati, mkuu wao, alishikilia kwamba kila haragwe lifukiwe jicho likitazama chini. Likitazama juu, mzizi utapanda mbinguni na njaa itashuka. Basi wanyama walipanda wameinama, haragwe moja moja, wakiligeuza, wakilikagua, wakiligeuza tena. Mvua ikaja, ikawakuta katikati ya shamba. Ikaondoka, ikawaacha palepale katikati ya shamba. Kila mwaka nusu ya shamba ilibaki tupu, na njaa ilipoingia walizika watoto. Mwaka uliopita Bi Nungunungu alimzika mjukuu wake.

Siku moja, mawingu yakianza kujikusanya, alisimama mbele ya watoto.

"Jicho hutazama chi...?"

"...ni!" wakaitika wote, isipokuwa Pimbi. Pimbi hakuwapita wenzake kwa akili, ila mgongo ulikuwa unamuuma kwa kupanda jana yake.

"Mwalimu, likitazama juu inakuwaje?"

"Mzizi unapanda mbinguni."

"Uliuona?"

"Mwalimu wangu aliniambia."

"Yeye aliuona?"

"Aliambiwa na mwalimu wake."

"Na huyo je?"

Siku nyingine angemsimamisha kwa mguu mmoja mpaka jua la utosi. Siku hiyo hakuwa na nguvu hata ya kukasirika. Akakaa chini, akasema neno ambalo mwalimu wa pale hakuwahi kulisema.

"Sijui. Nendeni mkaangalie, mniache nipumzike."

Watoto wakatazamana. Kisha wakaokota vibuyu vitatu vibovu, wakavijaza udongo wenye unyevu. Cha kwanza, jicho chini. Cha pili, jicho ubavuni. Cha tatu, jicho juu. Hapo wakagombana, maana Ngedere alitaka haragwe lake limwagiwe maji mengi. Digidigi akamwambia, "Likinywa kuliko mengine, tutajuaje kama ni maji yaliyofanya au ni jicho?" Ngedere akanuna, lakini akaweka maji chini. Bi Nungunungu alijifanya amelala, na huku sikio liko wazi.

Mzee Nyati akapata habari, akaja akipiga kwato.

"Bi Nungunungu, unawafundisha watoto kupanda njaa? Ukionekana mzizi hata mmoja umekwenda juu, utahama hapa na miiba yako."

"Sawa, mzee," akajibu. Hakuwa na pa kuhamia, na aliogopa sana.

Maharagwe yalipochipua, Mzee Nyati alikuja mwenyewe kushuhudia. Wakapasua kibuyu cha kwanza, mzizi umekwenda chini. Wakapasua cha pili, mzizi umepinda, ukaenda chini. Wakapasua cha tatu, mzizi umelizunguka haragwe, umechelewa kidogo kuliko wenzake, ukaenda chini.

Mzee Nyati akanusa, akazunguka, akanusa tena.

"Nani kawaambia haya?"

"Hatukuambiwa na mtu," Pimbi akasema. "Tumeona."

Mzee Nyati akauinamia tena ule mzizi wa tatu. Naye pia alikuwa amezika mtoto.

"Basi pandeni mnavyoweza," akasema.

Wakatupia mbegu shimoni na kufukia, shimoni na kufukia, na mvua ilipokuja ilikuta shamba lote limepandwa. Mwaka ule hakuzikwa mtoto kwa njaa.

Bi Nungunungu akarudi darasani na furaha yake na mazoea yake.

"Haragwe halijali jicho linatazama wapi. Na punje ya mahindi nayo haija...?"

Kimya.

"Punje ya mahindi nayo haija...?"

Kimya.

"Watoto, haija...?"

"Hatujaona, mwalimu," Pimbi akasema. Wenzake walikwishaanza kutafuta vibuyu.

Bi Nungunungu akakaa chini, akalia. Alimlilia mjukuu wake, ambaye darasani alikuwa akiitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha akainuka, amechoka vilevile, akaenda kuwasaidia kuchota udongo.

Ngano yangu nimeitua, mwenye mabega aibebe. Funzo lake ni hili: mtoto anayemalizia neno la mwalimu hajajua bado alichokisema. Mpeni kibuyu, apasue, aangalie mwenyewe.

Tumeelewa?

Angalieni sana. Mkinijibu kwa pamoja, naanza upya, na mimi mgongo wangu hauna tena nguvu hiyo.